Usikariri familia za mimea, ponda jani unuse

Kuna mdogo wangu kaniandikia inbox juzi, yupo fomu siksi, anataka aje kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo huku Kizimbani, Zanzibar, anauliza majina ya familia za mimea nayakariri vipi. Sikariri. Mimi wakati naanza kuna kampuni ilinikataa kisa sina cheti, niliambiwa mbele za watu kwamba mtoto wa shamba atawaeleza nini wazungu, na bado inaniuma. Wiki iliyopita nimetembeza walimu wa botania, tumesimama kwenye mstafeli mpaka dereva akapiga honi, na wameomba nambari yangu.

Nilichofanya ni hiki, ponda jani la mdalasini unuse, halafu la mstafeli, la mlangilangi, la mkungumanga, la pilipili manga. Kila moja na harufu yake lakini yote yana seli za mafuta ndani. Hao ni magnolidi, kundi moja la zamani la mimea ya maua, walijitenga mapema kabla dikoti za kweli (kundi la kina haragwe na mpera) hazijatawanyika, na mpangilio wa APG wa 2016, yaani wa wanabotania wanaopanga mimea ya maua kwa undugu, umewaweka kwenye oda nne (oda ni kundi la familia): Magnoliales (stafeli, kungumanga, mlangilangi), Laurales (mdalasini na parachichi), Piperales (pilipili manga) na Canellales, ambayo huku kwetu hatuna shambani ila Kenya na Uganda kuna mti wa Warburgia, gome lake linawasha kama pilipili.

Sasa hapa ndo wengi wanateleza. Parachichi mbegu yake inagawanyika vipande viwili kama haragwe kwa hiyo shuleni tukaambiwa ni dikoti basi, kumbe chavua ya asili ya kundi hili ina mfereji (ufa kwenye ganda la chembe) mmoja tu kama ya mnazi, dikoti za kweli kwa kawaida mitatu (parachichi lenyewe mfereji limeshaupoteza, kwa hiyo usilitumie kama mfano wa chavua). Fungua na ua la mstafeli, petali nene tatu nje, tatu ndani, katikati stameni kibao, yaani hesabu ya tatutatu.

Kwa hiyo mdogo wangu nusa kwanza, kisha hesabu petali. Usiishie kwenye harufu, maana karafuu inanukia kuliko zote na haimo, ni ndugu wa mpera, na hiliki na tangawizi ni monokoti, mimea ya mbegu ya kipande kimoja. Mgeni akikuuliza kwa nini karafuu haimo, mfungulie ua umwonyeshe petali nne, si tatutatu.