Mnaoanza kazi kwenye majaribio ya chanjo, hata uji wa moto andika

Naona wadogo zangu wengi mmepata kazi za fildiwoka, wale wa kupita nyumba kwa nyumba, kwenye majaribio ya chanjo, hongereni. Mimi nimezunguka vijiji vya pwani miaka na baiskeli, mafomu nimeyafunga kwenye nailoni yasilowe, nawaambia yale ambayo semina inayapitia mbio mbio.

Mwezi wa kwanza tu niliboronga. Mtoto kachomwa chanjo, wiki mbili baadae akamwagikiwa uji wa moto akalazwa siku mbili, mie nikajisemea uji na sindano wapi na wapi, sikuandika. Monita, yule mkaguzi wa jaribio, kuja kukagua akakuta jina lipo kwenye rejista ya wodi na kwenye fomu yangu hamna kitu, siku ile nilitamani ardhi inimeze. Kulazwa ni kulazwa, ni tukio kubwa, ripoti inatakiwa ndani ya masaa 24, sasa kama limetokana na chanjo au la hiyo sio juu yako, wapo madaktari na kamati huru ya usalama wanaoangalia data za watoto wote kwa pamoja, wewe unamuona mmoja tu.

Chukulia chanjo ya malaria, RTS,S. Jaribio lake kubwa lilianza 2009, watoto zaidi ya elfu 15, vituo 11 nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe na Kilifi humo humo. Data zikaonyesha homa ya uti wa mgongo imetokea zaidi kwa waliochanjwa, kesi zenyewe chache, na malaria ya kupanda kichwani hivyo hivyo. Haikufichwa, wala chanjo haikumwagwa kila nchi, 2019 ikaanza kutolewa Ghana, Kenya na Malawi huku watoto wengi zaidi wanafuatiliwa, ile tofauti haikujirudia, ndio Oktoba 2021 WHO wakaipendekeza. Sasa piga picha fildiwoka angesema aah hii homa tu, akageuza ukurasa.

Halafu damu ya kupima. Mumiani, yule mnyonya damu wa hadithi, bado yupo vichwani mwa watu na usicheke, ukicheka umeharibu kijiji kizima. Usimtajie mama mililita, toa kijiko cha chai umuonyeshe, mililita 5 ni hicho kimoja, na uhakikishe bibi yupo maana mama atakubali saa nne na saa kumi bibi karudi shamba kafuta kila kitu. Akikuuliza chanjo ina madhara usijibu "haina kabisa", huo ni uongo, mwambie homa inaweza kuja, penye sindano patavimba, na wachache homa ikipanda sana wanapata degedege kwa hiyo amlete mbio. Uliyemwambia mapema anakuja kwako, uliyemficha anaenda kukusimulia kisimani.

Atakuuliza pia mwanangu kapata ipi, chanjo inayojaribiwa au ile nyingine ya kulinganishia. Hujui, inafichwa makusudi, na hata kubahatisha usibahatishe! Kwenye ile RTS,S watoto wakubwa wa upande wa kulinganishia walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo hakuna aliyetoka mikono mitupu, hilo ukilieleza wazazi wanatulia sana.

Na beba kipimajoto cha akiba, betri zina tabia ya kufa Ijumaa jioni, nyumba ya mwisho, tena ile ya mbali kabisa.