Mstari wa qqline kwenye R si wa rigresheni
Umechora qqnorm ya muda wa balbu zako 15 kwenye R (programu ya takwimu), yaani mchoro wa kulinganisha data na mtawanyo wa kawaida (normal), ukaongeza mstari wa qqline, na sasa unauliza kama mstari huo ni wa rigresheni. Hapana, qqline haitafuti mstari unaokaribia nukta zote. Inapita kwenye nukta mbili tu: robo ya kwanza na robo ya tatu ya data yako (asilimia 25 na 75), zikilinganishwa na robo hizo hizo za mtawanyo wa kawaida. Ndiyo maana nukta za mwisho kulia zimepaa na mstari haukutikisika. Ni vizuri hivyo. Ungekuwa unavutwa na mikia (nukta za mwisho huku na huku), kasoro usingeiona. Andika ?qqline, maelezo yako pale pale.

Ila kwa muda wa balbu kuungua mimi nisingehangaika na qqnorm. Jaribu Weibull, mtawanyo unaotumika sana kwa muda wa vitu kuharibika:

qqplot(qweibull(ppoints(length(x)), shape = k, scale = s), x)
abline(0, 1)

Hapo x ni muda wa balbu zako; k (umbo la mtawanyo) na s (kipimo chake) zipate kwanza kwa fitdistr(x, "weibull") ya pakiti ya MASS. Lakini kama kuna balbu zilizokuwa bado zinawaka ulipofunga jaribio, fitdistr haizijui hizo. Tumia survreg ya pakiti ya survival.

Na mwenzako anayetumia Minitab, programu nyingine ya takwimu, asikuchanganye: kule data huwekwa mlalo, kwenye R iko wima, kwa hiyo upinde unageuka. Halafu balbu 15 ni chache. Ncha kupinda kidogo ni kawaida hata mtawanyo ukiwa sahihi. Mimi huchora data ya kubuni, rweibull(15, k, s), mara sita saba hivi kando yake, ndipo nahukumu.