Pesa ya Barghash isisuguliwe ndimu

Ndugu yangu wa Chake Chake, Pemba, unayetaka kuing'arisha pesa yako ya kale, hiyo ndimu na majivu weka kando! Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya 1299 Hijria (1882), ile yenye mizani, ukiing'arisha tu thamani yake imeshuka. Ule weusi wake uache. Kinachotisha ni ungaunga wa kijani kilichopauka unaopukutika: hiyo ni kutu inayokula shaba, na chumvi ya hewa yetu ya pwani huizidisha. Yenye ungaunga itenge na nyenzake.

Ishike kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, ili ikiponyoka isigonge sakafu. Mwandiko usome kwa lenzi, taa ukiilaza ubavuni. Vifuko laini vya plastiki ya PVC usitumie, hutoa asidi. Itie kwenye bahasha kavu ya karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo lenye vile vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, vya kwenye maboksi ya viatu.