Hata Yona alilala usingizi mzito

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe, hapa Mwanza. Mume wangu alikuwa na mitumbwi miwili ya dagaa. Mwezi wa pili majambazi walimvamia ziwani usiku, wakaondoka na injini zote mbili. Akakopa kwa watu wa mikopo akanunua injini nyingine, nayo ikafa. Sasa anavua kwenye mtumbwi wa mtu kama kibarua, na rejesho linadaiwa kila wiki. Amekuwa mtu wa kunyamaza. Kanisani haendi, na usiku akiwa nyumbani anakaa nje kuangalia ziwa. Mimi naenda mikesha. Mtumishi mmoja ameniambia Mungu ananitoa hapa ananipeleka Dar es Salaam, na niliposikia hivyo nilipata amani ya ajabu. Milango nayo imefunguka: binamu yangu ana chumba Mbagala, nauli ninayo, na kikoba chetu kimevunja, nimepata laki nane ambazo mume wangu hazijui. Kila nikiomba napata amani. Nikimweleza mume wangu mambo ya kiroho anapandisha sauti, hasa nikichelewa kurudi. Mdogo nitaondoka naye, wakubwa watabaki na baba yao, binti yuko kidato cha pili na anajua kupika. Je, niifuate amani ya Mungu au nibaki kwenye dhoruba? Ni mimi, Mwenye Amani, Igombe."

Marahaba mwanangu. Pole kwa injini. Mtu kunyang'anywa mali ya miaka kwa usiku mmoja, katikati ya maji, hakuna hata wa kumpigia kelele, ni jambo la kumvunja yeyote. Pole sana, na hiyo pole mpelekee na mwenzio.

Sasa tuje kwenye barua. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Neno "amani" limo mara nne, ukihesabu na kwenye sahihi. Kiasi cha deni hakimo hata mara moja. Laki nane zako unazijua, deni la nyumba yako hulijui, na hukuona hata haja ya kulitaja. Binti wa kidato cha pili umemtaja kwa sababu anajua kupika. Kidato cha pili kuna mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja, mama. Huyo mtoto ameshaanza kuwa mke wa nyumba yako tangu ulipoanza mikesha, wala usiniambie sivyo, maana hakuna anayejua kupikia ukoo kwa kuangalia tu. Na huko "kuchelewa kurudi" ni saa ngapi? Umeirukia haraka sana. Mkesha unaisha alfajiri. Mwanamume anatoka majini saa kumi na mbili asubuhi, amelowa hadi kiunoni, anakuta mlango umefungwa kwa nje. Mimi hapo ningepandisha zaidi ya sauti.

Hujaandika kwamba anakupiga. Angekuwa anakupiga ningekujibu mengine kabisa, na ningekutuma dawati la jinsia pale polisi kabla hujamaliza kusoma. Umeandika kwamba ananyamaza. Kunyamaza si kosa la ndoa.

Unasema milango imefunguka. Yona naye ilimfungukia. Mungu alimwambia nenda Ninawi, yeye akateremka hadi Yafa, na fungua Biblia yako uone: alikuta meli inayokwenda Tarshishi ipo tayari, nauli alikuwa nayo, akalipa, akapanda. Hakuna kilichomzuia. Akashuka chini kabisa ya meli akalala usingizi mzito, upepo unapiga, mabaharia wanatupa shehena majini, kila mmoja analia kwa mungu wake. Mtu pekee aliyekuwa na amani ndani ya ile meli ndiye aliyekuwa anamkimbia Mungu. Ungemwamsha ukamuuliza, angekwambia kila akiomba anapata amani.

Hiyo amani naijua, nimewahi kuionja. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu, viwanda vya minofu vya hapa mjini vilitikisika, na marehemu mume wangu alikuwa mmoja wa waliorudishwa nyumbani. Miezi miwili sebuleni. Anakaa, anaangalia ukuta, ukimsemesha anajibu "mh". Siku moja nikafunga begi nikapanda basi kwenda Magu kwa mama. Basi lilipoanza kuondoka tu, mwanangu, nilihisi kama nimetuliwa gunia la mahindi kichwani. Nikasema asante Yesu. Niliimba njia nzima.

Nilipofika, mama hakunipa kiti. Alikuwa anakatakata viazi vya michembe pale uani, hakuinua hata kichwa. Akaniuliza: "Leo jioni nani anampikia?" Nikaanza kumweleza habari ya amani yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo si amani, umetua mzigo na mwenzio amebaki nao." Kesho yake asubuhi alinisindikiza kituoni na debe la michembe. Tulikula michembe na karanga kwa wiki sita. Mume wangu alipata kibarua cha kupakia dagaa pale Mwaloni, mgongo ukamuuma mpaka anakufa, lakini hakuwahi kusema kwamba siku za shida alikuwa peke yake.

Tena umenigusa pabaya uliposema mwenzio anakaa nje usiku kuangalia ziwa, kana kwamba ni dhambi. Zile ni siku za mbalamwezi. Wewe mke wa mvuvi unajua kuliko mimi: mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inavutwa nchi kavu, mwanamume anakaa nyumbani hana la kufanya isipokuwa kufikiri. Giza likirudi atashuka tena kwenye maji yaleyale alikoibiwa, awashe taa ya mtu mwingine, avute wavu wa mtu mwingine, na kila akisikia mlio wa injini gizani hajui ni mvuvi mwenzake au ni walewale. Halafu anarudi kukuletea hela ya mboga. Umejuaje kwamba pale nje hasali? Hezekia alipoambiwa atakufa aligeukia ukutani akaomba, hakuita kwaya. Wanaume wengine Mungu wao anakaa upande wa ziwa.

Unauliza ubaki kwenye dhoruba au uifuate amani, kama vile ni njia panda. Yesu mwenyewe alilala chomboni, kichwa juu ya mto, dhoruba ikiwa inajaza maji. Na usidhani mambo haya tunasimuliwa na watu wasiojua maji. Lile la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 hivi tu, ukiliweka ndani ya ziwa letu lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000 utalitafuta na usilione, lakini liliwatoa jasho wavuvi waliozaliwa nalo. Basi hapo una watu wawili waliolala katika dhoruba, Yona na Yesu, na kwa macho usingizi wao unafanana. Mmoja alilala kwa sababu anatoroka. Mwingine alilala pamoja na wale aliopanda nao, na walipomwamsha aliamka akashughulika. Jiulize wewe usingizi wako ni upi. Na yeye huyohuyo, usiku wa Gethsemane, alikuwa katika mapenzi ya Mungu kabisa na hakuwa na utulivu hata chembe, jasho lilimtoka kama matone ya damu. Angeufuata moyo wake ulivyojisikia usiku ule, angeondoka na wale wanafunzi waliokimbia.

Siku hizi tumefanya amani kuwa mhuri. Mtu akitaka jambo lake, analiombea siku tatu, anapiga mhuri wa "nina amani nalo", na wewe huwezi kuhoji maana utakuwa unahoji Mungu. Ndoa zinavunjwa kwa mhuri huo. Wanaume wanaoa wa pili kwa mhuri huo, msidhani nawaonea wanawake. Kamati ya harusi inakusanya michango miezi mitatu, ukumbi, keki, mshereheshaji wa kutuchekesha, halafu ile sehemu ya "katika shida na raha" inasomwa haraka kwa sababu wapiga picha wanasubiri. Kichen pati nazo tunamfundisha binti kukunja shuka na kunukia. Hakuna anayemfundisha namna ya kukaa na mwanamume aliyeibiwa injini. Na hawa watumishi wa usiku! Mtume Yohana alisema tuzijaribu roho, hakusema tuzirushie nauli. Mtumishi gani anamwona mama kwenye maono akiwa Mbagala, lakini haoni watoto wawili waliobaki Igombe?

Paulo alipokuwa anapelekwa Roma mfungwa, meli ilipigwa na tufani siku kumi na nne, watu 276 ndani. Usiku mmoja mabaharia, yaani wenye kuijua kazi, wakashusha mtumbwi mdogo kwa kisingizio kwamba wanakwenda kutia nanga. Walikuwa wanatoroka. Paulo akawaambia askari, hawa wasipobaki melini ninyi hamtaokoka, na askari wakakata kamba, ule mtumbwi ukaenda zake. Safari yako ya kiroho, mwanangu, ni nanga za namna hiyo. Wala sikudanganyi kwa kukuahidi kwamba ukibaki injini zitarudi. Meli ya Paulo ilivunjika. Walifika Malta wengine wakielea juu ya mbao, lakini walifika wote.

Kwa hiyo. Mbalamwezi ijayo akiwa nyumbani, watoto wakilala, toka ukakae naye hapo nje. Usianze na maandiko. Kaa kwanza. Kisha mwambie habari ya laki nane, zote, usitoe laki mbili ukaficha sita. Amani yako ikiweza kusimama mbele ya mumeo ukiisema kwa sauti, tutaizungumza. Ikikwama kooni, umeshapata jibu. Halafu mwombe akwambie deni ni kiasi gani, mliandike kwenye daftari la mtoto, mkaangalie na karatasi za huo mkopo. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na hawa kausha damu wengi wanatembea na daftari tu mkononi. Wafuateni wasimamizi wenu wa ndoa, wale waliosimama nanyi madhabahuni. Wazee wa kanisa nao waje nyumbani, maana mtu wa aibu humfuati na mahubiri, unamfuata na kilo ya sukari. Mikesha punguza, sali nyumbani, hata kama atakuwa anasikiliza kwa mbali akijifanya hasikii. Binti arudishiwe muda wake wa kusoma kuanzia kesho.

Na ile namba ya mtumishi usiifute. Mpe mumeo, ampigie yeye amuulize kuhusu Mbagala.