Kabla ya Kusema Makala Imefungwa

Mwanafunzi wa uvuvi au wa afya hapa Mwanza akifungua ukurasa wa jarida akakuta ikisiri tu (muhtasari mfupi wa makala), na chini yake bei ya dola 30 au 40, mara nyingi huishia hapo. Anainukuu ikisiri kama vile kaisoma makala nzima. Hilo tunalipinga kwa nguvu zote: ikisiri haikuelezi vya kutosha sampuli zilichukuliwaje, wala kama ni Ghuba ya Mwanza au ya Speke, masika au kiangazi. Ukurasa wa mchapishaji kufungwa maana yake ni kwamba nakala ile imefungwa. Nyingine huenda ipo wazi kwenye hazina ya chuo cha mwandishi, yaani hifadhi ya mtandaoni ya kazi za chuo hicho.

Anza na DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10. Andika doi.org/ kisha ubandike namba yenyewe. Ukiitoa kwenye orodha ya marejeo, futa nukta iliyo mwishoni mwa sentensi. Hiyo nukta ndiyo inayofanya uambiwe DOI haipo. Marejeo ya zamani yasiyo na DOI, bandika kichwa cha makala kwenye search.crossref.org, huenda ukaipata DOI yake.

Ukishakuwa na DOI, tumia Unpaywall, programu ya bure inayotafuta nakala halali zilizo wazi. Ukiiweka kwenye kivinjari cha kompyuta, kufuli dogo hutokea pembeni mwa ukurasa wa makala: la kijani maana yake nakala halali ya bure imeonekana, la kijivu haikuonekana. Kijivu kisikukatishe tamaa, kwa sababu Unpaywall haihesabu nakala zilizopo ResearchGate wala Academia.edu, mitandao ambako watafiti huweka kazi zao.

Hapo nenda Google Scholar. Weka kichwa chote ndani ya alama za kunukuu. Kiungo cha PDF, kama kipo, hukaa upande wa kulia. Kisipokuwepo, bonyeza sehemu ya matoleo yote chini ya jibu ufungue moja moja, maana nakala ya bure inaweza kuwa toleo la tatu au la tano. Kama hukumbuki kichwa, tafuta kwa jina la kisayansi: Lates niloticus kwa sangara, Rastrineobola argentea kwa dagaa. Kwa majarida ya Afrika pitia tovuti ya AJOL (African Journals Online), na kwa utafiti wa afya pitia PubMed Central, hifadhi ya bure ya makala za afya.

Ukipata faili, usishangilie kabla ya kuhesabu kurasa. Makala ya Seehausen na wenzake ya mwaka 1997 katika jarida la Science, inayoeleza jinsi maji machafu ya Ziwa Victoria yanavyowafanya furu (samaki wadogo wa ziwa hilo) washindwe kuchagua wenza kwa rangi, ni ukurasa wa 1808 hadi 1811. Kurasa nne. PDF ya ukurasa mmoja ni ikisiri au kionjo tu. Angalia pia ni toleo gani: rasimu ambayo wataalamu hawajaipitia, mswada uliokubaliwa, au toleo la mwisho. Mswada uliokubaliwa unafaa kabisa kusomwa, ila namba zake za kurasa si zile za jarida, kwa hiyo usizinukuu. Nayo makala iliyofunguliwa na mchapishaji bila leseni yoyote inaweza kufungwa tena wakati wowote. Ipakue siku hiyohiyo.

Bado hujaipata? Muulize mkutubi wa chuo chako kama mmesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo nafasi ya kusoma majarida ya kulipia. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipii huduma hiyo. Kosa la kawaida ni kuingia kwa nywila, halafu kurudi Google na kufungua jarida kutoka huko. Mchapishaji hatakutambua. Lifungue jarida kutokea ndani ya tovuti yenyewe ya Research4Life.

Tovuti inayodai namba ya kadi ya benki ili upakue "bure", ifunge.

Mwisho mwandikie mwandishi. Anwani yake mara nyingi ipo kwenye ukurasa wa ikisiri, karibu na alama ya bahasha. Mistari mitano inatosha: jina lako na chuo chako, kichwa cha makala, DOI, kazi unayoifanya, na ombi la nakala. Barua ikirudi kwa kuwa anwani ni ya zamani, mtafute alipo sasa au mwandikie mwandishi mwenza.