Umetaboli siyo mmeng'enyo, na siyo kila bakteria anaambukiza

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja anayefundisha wanafunzi wa maabara. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Natayarisha somo la jinsi bakteria wanaoleta magonjwa wanavyounganisha chakula wanachotumia na uwezo wao wa kutudhuru. Nimeandika hivi, *Bakteria zinapopata sukari zinabadilisha mmeng'enyo wao ili ziweze kuambukiza.* Mwenzangu kaniambia sentensi nzima mbovu ila hakusema ubovu uko wapi. Na je, ile nguvu ya bakteria ya kumuumiza mtu tunaiitaje, ukali, makali, au niandike tu virulensi?"

Marahaba dada. Mwenzako kakuonea, sentensi siyo mbovu yote, lakini ina maneno matatu yanayompeleka mwanafunzi pembeni.

La kwanza, mmeng'enyo. Hili tumeshalizoea kwa kazi ya tumbo, yaani ugali unaingia, unalainishwa, unavunjwavunjwa mpaka unafyonzwa. Bakteria hana tumbo wala utumbo. Anachofanya yeye, na seli zako pia zinafanya hivyo hivyo, ni kuvunja vitu apate nguvu halafu kutumia nguvu hiyo kujenga vitu vingine, na kazi hiyo yote kwa jumla ndiyo umetaboli. Mfikirie mama ntilie: kukatakata sukumawiki peke yake ni mmeng'enyo, lakini umetaboli ni biashara nzima, mkaa unaowaka, wali unaoiva, hela inayoingia na banda linalotengenezwa kwa hela hiyo hiyo. Neno umetaboli lipo vitabuni na mimi silionei haya, ila kama wanafunzi wako ni wa mwaka wa kwanza sema tu "jinsi anavyotumia chakula", hakuna atakayekushtaki.

La pili, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye madhara, ni kuambukiza. Kwa mtu aliyelelewa na Kiswahili, Juma akimwambukiza Asha mafua maana yake mafua yametoka kwa Juma yakaenda kwa Asha. Neno lina safari ndani yake, mtu mpaka mtu. Sasa siku hizi vitabu na mabango vinalitumia hata pale ambapo kijidudu kimeingia tu mwilini na kuzaliana, bila kumtoka mgonjwa kwenda kwa mwingine. Mjomba wangu aliwahi kuchomwa na msumari wenye kutu akapata pepopunda, na mahali alipolazwa palikuwa na karatasi ukutani imeandikwa pepopunda inatokana na "bakteria anayeambukiza kupitia kidonda". Ndugu waliokuja kumuona wakasoma neno moja tu. Wakasimama nje ya dirisha, machungwa wakayapitisha kwenye nondo! Wakati pepopunda haitoki kwa mgonjwa kwenda kwa mtu, yule bakteria anaishi kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, ameingilia kidondani basi. Aliyeandika ile karatasi hakusema uongo, alichagua kitenzi chenye miguu kwa ugonjwa usiotembea.

Kwa hiyo kama bakteria wako anatoka mtu kwa mtu, andika anaambukiza kwa raha zako. Kama unaongelea anavyopenya na kuzaliana mwilini, Kiswahili kina kupenya, kuvamia, kushambulia, kuota. Usilazimishe kitenzi kimoja kibebe mizigo yote.

Chukua mfano wa listeria, bakteria anayeingia mwilini kupitia chakula, ambaye nadhani ndiye uliyekuwa naye kichwani kwa sababu ya hiyo sukari. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 listeria alileta mlipuko wa wagonjwa zaidi ya 1,000 na waliokufa walizidi 200, sehemu kubwa watoto wachanga, na Machi 2018 ikatangazwa kwamba chanzo ni poloni, zile soseji nene za kukata vipande. Mdudu huyu friji halimzuii, anazaliana humo humo taratibu. Watu wale hawakuambukizana, walikula. Njia kuu inayofanana na kuambukizana ni mama mjamzito kumpitishia mtoto tumboni.

Sasa maisha ya listeria yana pande mbili. Kwake kwa kawaida ni kwenye udongo na majani yanayooza, huko anakula sukari za mimea, mojawapo inaitwa selobiosi. Akiwa kwenye sukari hiyo, silaha zake zinawekwa kando. Silaha zenyewe zinasimamiwa na protini moja, PrfA, ambayo inafanya kazi kama swichi kuu ya nyumba. Akishamezwa, akaingia mpaka ndani ya seli zetu, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: joto la nyuzi 37 linaruhusu PrfA itengenezwe kwa wingi, na kemikali ndogo inayoitwa glutathioni, ambayo seli zetu zimejaa nayo na yeye mwenyewe anaitengeneza, inaishikilia ile swichi ibaki imewashwa. Ikishawaka, mojawapo ya vitu vinavyotengenezwa ni mlango maalumu wa kuvuta glukosi, nayo ni sukari, iliyobandikwa kemikali ya fosfeti, chakula kinachopatikana ndani ya seli yetu. Umeona? Swichi inayomfungulia silaha ndiyo hiyo hiyo inayomfungulia mlango wa stoo. Halafu anashika nyuzi za seli yenyewe, anazitumia kujisukuma mpaka anapenya seli ya jirani.

Kwa hiyo "zinapopata sukari" ni kauli ya kukosea njia. Sukari ipi dada? Moja inamtuliza, nyingine analetewa mlango wake baada ya kuwasha silaha.

Hapa ndipo najibu lile la makali. Usiandike virulensi, tunalo letu na tumelipata hospitali. Umesikia mara ngapi "dawa za kufubaza makali ya VVU"? Ukali ni wa mwalimu, wa jua, wa pilipili. Makali ni ya kisu, yananolewa na yanaisha. Kitu ambacho kinaweza kupanda na kushuka kwa mdudu yule yule bila yeye kubadilika kuwa mdudu mwingine, hicho ni makali. Selobiosi inafubaza makali ya listeria, glutathioni inayanoa. Nakiri kuna kakasoro hapo, kisu huwa butu na kinachofubaa kwa asili yake ni rangi au mtu aliyezubaa, lakini wagonjwa na manesi wameshawaozesha fubaza na makali na ndoa imekubali, mimi nani niivunje.

La tatu ni hiyo "ili". Ukisema anabadilisha umetaboli *ili* aambukize umempa bakteria nia, kama vile kakaa kikao usiku akapanga. Hajapanga kitu, kuna protini imeshika kitu au imekiachia. Kiswahili kina -ki- na -po- kwa kazi hii hii na hakuna lugha inayokushinda hapo. Tazama dondakoo. Bakteria wake ana protini inayohitaji madini ya chuma ili ikae juu ya jeni la sumu, yaani maagizo ya urithi yanayotengeneza sumu hiyo, na kulifunga (hiyo "ili" naiacha, ni sharti wala siyo nia). Chuma kikiwepo, jeni limefungwa. Chuma kikipungua, protini inabanduka na sumu inaanza kumwagwa. Na mwilini mwetu chuma ni adimu kwelikweli kwa mdudu, kwa sababu kimeshikiliwa na protini zetu wenyewe, zinakibana kama duka la kijiji linavyobana sukari kabla ya Ramadhani. Yaani vyuma vikikaza, mwenzetu anamwaga sumu! Huo utani uutumie darasani bure, watakumbuka mpaka mtihani. Ila kwenye maandishi andika "chuma" kwa umoja, "vyuma" ni nondo na hali ya maisha.

Tena jeni lenyewe la sumu siyo la bakteria kwa asili, ameletewa na kirusi kinachoshambulia bakteria, na bakteria wa dondakoo asiye na kirusi hicho hatengenezi sumu hiyo hata chuma kikiisha kabisa. Kwa hiyo huyu anachochewa na njaa ya chuma, yule wa poloni anachochewa na kufika ndani ya seli. Ukiandika sentensi moja ya jumla kwa wote wawili utasema uongo kwa mmojawao, bora uandike mbili:

*Listeria akiwa kwenye majani yanayooza, sukari za mimea hufubaza makali yake. Akipenya ndani ya seli zetu, makali hayo hunolewa na mlango wa chakula kipya hufunguka.*

*Bakteria wa dondakoo akikosa chuma, ndipo huanza kumwaga sumu.*

Nimebaki na "zinapopata, ziweze". Bakteria ni kiumbe hai, anakula, anazaliana, anakufa, mpe ngeli ya A-WA: bakteria huyu, bakteria hawa, wanapopata. Najua mtandaoni wengi wanaandika "bakteria hizi", na hata mimi ukinisikiliza sokoni linanitoka. Kijidudu ananipa shida zaidi, "kijidudu huyu" ndiyo ninayofundisha ila hapo juu nimeandika "kijidudu kimeingia" na nimeiona, nimeamua kuiacha, sikio langu limekataa kuibadilisha.