Kwa Kijana Anayetaka Kuishi kwa Fanki: Shika Nafasi Yako, Jina Lako Liandikwe

Wadogo zangu, maswali mnayoniuliza baada ya shoo yanafanana: gitaa gani la besi, nyuzi gani, ile solo ya katikati uliipigaje. Nayajibu kwa furaha. Lakini swali ambalo lingewasaidia zaidi silisikii mara nyingi: wale wazee wa fanki, muziki wa Marekani unaotawaliwa na mdundo, wamewezaje kuzunguka dunia na vyombo vyao kwa miaka hamsini, na kwa nini wengine waliokuwa hodari kama wao walizeeka bila hata pesa ya matibabu? Nimeishi kwa kupiga besi kwenye bendi za hoteli, pwani kwetu na kule Ghuba, na maisha ya wazee hao ndiyo shule niliyoirudia kuliko nyingine yoyote. Nafasi yako kwenye mdundo ndiyo inayokupa kazi. Jina lako kwenye karatasi ndilo linalokulisha kazi ikiisha. La kwanza mnajifunza wenyewe kwa kusikiliza, la pili hakuna anayewaambia.

Tuanze na nafasi. James Brown, mwimbaji na kiongozi wa bendi wa Marekani, katikati ya miaka ya 1960 aliwataka wapigaji wake waegemeze kila kitu kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko wa mapigo manne. Baada ya hapo kila chombo kiligeuka ngoma: gitaa linakwaruza nyuzi bila kuimba, besi inatoa noti chache, wapulizaji wa saksafoni na tarumbeta wanachoma mara moja halafu wananyamaza. Mpigaji mgeni huogopa ukimya huo, akaujaza. Ukiujaza tu, fanki imekufa. Fanya hivi: weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 100 kwa dakika, piga noti moja pekee kwenye pigo la kwanza, matatu yanayofuata yaache matupu. Endelea dakika kumi huku simu ikirekodi. Ukisikiliza utagundua unakotangulia, na mara nyingi ni pale ulipoanza kuchoka kusubiri. Kisha msikilize Clyde Stubblefield, mpigaji wa Brown, kwenye dramu. Usifuate yale mapigo makubwa tu. Sikiliza mkono wake wa kushoto, yale mapigo madogo ya chini kwa chini kwenye snea, ile ngoma ndogo ya dramu, ambayo karibu huyasikii lakini yakiondolewa wimbo wote unalegea. Huo ndio ufundi uliowapa watu hawa mkate.

Nidhamu ya bendi ile ilikuwa kali mno. Ukikosea noti, ukichelewa, ukipanda jukwaani na viatu visivyong'aa, unapigwa faini, na Brown alikuwa akiitangaza palepale anapocheza, kwa kukunjua vidole vya mkono. Mimi siamini katika bendi inayoongozwa kwa hofu, na nikipata nafasi ya kuongoza siongozi hivyo. Ila jueni kwamba wapulizaji waliopita pale, Maceo Parker, Fred Wesley na Pee Wee Ellis, hawakuhitaji kusukumwa na mtu yeyote walikokwenda baadaye.

Mwaka 1970 hofu hiyo ilizaa matunda yake. Bendi iligoma kwa sababu ya malipo na namna walivyotendewa. Brown hakubembeleza. Alituma ndege Cincinnati, ikawaleta Bootsy Collins, mpiga besi wa miaka 18, kaka yake Catfish mpiga gitaa na wenzao hadi Columbus, Georgia, wakapanda jukwaani. Watu huisimulia hadithi hii kama bahati ya Bootsy. Mimi naitazama kwa upande mwingine: vijana wale walikuwa wamezizoea nyimbo za Brown tangu Cincinnati, wakizipiga wenyewe kwenye klabu kabla hajawaita. Bendi unayoitamani, jifunze nyimbo zake zote leo. Simu ya kujaza nafasi ya mpigaji aliyeugua huingia saa nane mchana, shoo ni saa mbili usiku, na hakuna atakayekufundisha kwenye saundcheki, yale majaribio ya sauti kabla ya shoo. Na ukiwa upande wa waliogoma, kumbuka kwamba madai ya malipo huzungumzwa kabla ya ziara, kwa maandishi, wakati promota bado anakuhitaji.

Maceo, mpuliza saksafoni, alikuwa miongoni mwa walioondoka. Alianzisha bendi yake, haikuuza, na mwaka 1973 akarudi kwa Brown. Hakuna aibu katika kurudi. Baadaye akaenda kwa George Clinton na kundi lake la fanki, Parliament-Funkadelic, akarudi tena kwa Brown, na ilipofika 1990, akiwa na miaka 47, ndipo maisha yake ya kuongoza bendi mwenyewe yaliposhika kasi, kwa albamu iliyotolewa na kampuni ya Kijerumani. Ulaya ikampokea kwa mikono miwili na akazunguka huko kwa miongo mingine mitatu. Namtaja kwa sababu kuna vijana wa miaka 25 wananiambia wamechelewa.

Jambo jingine lililowaokoa wengi ni kalamu. Brown hakuwa mtu wa kuandika muziki kwa noti. Alikuwa akiguna na kuimba anachotaka, na mtu fulani ilibidi augeuze mguno huo kuwa vipande vya saksafoni, tarumbeta na tromboni. Mtu huyo wakati mmoja alikuwa Ellis, baadaye Wesley. Brown alipopiga Kinshasa Septemba 1974, kwenye tamasha lililotangulia pambano la ngumi la Ali na Foreman, aliyekuwa akiiongoza bendi ni Fred Wesley. (Kina Franco na Tabu Ley walikuwa kwenye tamasha hilohilo, wazee wetu wa Kongo hawakupungukiwa na lolote mbele ya wageni.) Wesley alipoachana na fanki kwa muda alipata kazi kwenye bendi ya jazi ya Count Basie, kwa sababu alikuwa anasoma noti. Ellis alikuja kumpangia muziki mwimbaji Van Morrison, akahamia Uingereza na kuishi huko. Jifunze kusoma na kuandika noti, hata polepole. Midomo huchoka na vidole hukakamaa, lakini mpangaji wa muziki huajiriwa akiwa na miaka 70.

Wapulizaji, itazameni pia Tower of Power ya Oakland, inayoongozwa na Emilio Castillo tangu 1968. Safu yao ya wapulizaji watano ilikodishwa kama kitu kimoja na wanamuziki wakubwa, Elton John na Huey Lewis wakiwemo. Walijua kupumua pamoja, kukata noti pamoja, kuvimba pamoja. Hapa kwetu huwa tunaokota mpulizaji mmoja huku na mwingine kule siku ya shoo. Watatu mkikaa pamoja mwaka mzima mkawa safu moja yenye jina na bei yake, mtapata kazi ambazo mmoja mmoja hamtaziona.

Sasa karatasi, na hapa naomba msome taratibu.

Mwaka 1967 Brown alitoa "Cold Sweat". Ellis aliuandika muziki wake, na jina lake likaingia kama mtunzi pamoja na Brown. Miaka miwili baadaye, studio ya King huko Cincinnati, Stubblefield alipiga "Funky Drummer". Mtunzi aliyeandikwa ni Brown peke yake. Kipande kile kifupi cha dramu, pale vyombo vingine vinaponyamaza, kilikuja kukatwa na kuwekwa kwenye nyimbo zaidi ya elfu moja, nyingi za hip hop. Stubblefield hakupata mirabaha, yale malipo ya kila kazi inapotumika. Aliishi Madison, Wisconsin, akipiga kwenye klabu za mjini, na alipougua, gharama za hospitali zipatazo dola 90,000 zililipwa kimyakimya na mwanamuziki Prince. Alifariki 2017 akiwa na miaka 73. Kila nikiusikia mdundo ule kwenye redio moyo unaniuma, kwa maana hakuibiwa na mtu mmoja. Utaratibu ulimwona mwenye kiimbo na maneno kuwa mtunzi, na mwenye mdundo kuwa kibarua wa siku ile. Kwenye fanki, ambako mdundo ndio wimbo, dhuluma hiyo ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo kabla hujatoka studio, chukueni karatasi moja. Andikeni jina la wimbo, tarehe, nani ametunga nini, asilimia ya kila mmoja, na nani amepiga chombo gani. Kama mdundo ulioubuni ndio uliozaa wimbo, sema hapohapo kwamba unadai sehemu ya utunzi. Ukingoja wimbo upate jina utaonekana mchoyo. Wote mtie sahihi, kila mtu apige picha. Ukikubali malipo ya mara moja ni sawa, ilimradi ujue umeuza nini. Kisha jisajili. Kenya, PRISK ilianzishwa kama chama cha haki za wapigaji na waimbaji, tofauti na MCSK ya watunzi; ulizia kwanza ni chama gani chenye leseni sasa, na ukiwa vyote viwili pita kote. Tanzania, sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Nenda na kitambulisho na orodha ya nyimbo ulizopiga, hata kama ni mbili tu, na kila unaporekodi nyingine irudie safari hiyo.